Mtani Haombwi Msamaha

Kelera alipopangiwa shule ya milimani, mama yake alilia kama mtu anayemwoza binti kwa ukoo asioujua. Kule kisiwani Nukuvesi hakuna aliyewahi kuishi mahali ambapo bahari haisikiki. Lakini kazi ni kazi. Kelera akapanda boti, kisha basi, kisha lori la mizigo, na mwisho mtumbwi wa injini uliokwea mto huku ukinguruma, mkeka wake umeviringishwa magotini, mpaka akateremshwa kwenye ukingo wa tope mbele ya madarasa yaliyopakwa rangi ya samawati.

Alipewa darasa la saba na la nane kwa pamoja, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Wanafunzi wengi walitoka vijiji vya juu. Walilala bwenini siku za shule na kurudi makwao Ijumaa, na kila Jumatatu waliteremka na vifurushi vya muhogo na magimbi mabegani, chakula cha wiki, huku mama zao wakipokezana zamu jikoni. Asubuhi ya kwanza aliandika jina lake ubaoni, akageuka, akasema kwa sauti aliyoifanyia mazoezi njia nzima:

"Naitwa Madamu Kelera. Natoka Nukuvesi."

Kule nyuma akasimama mvulana wa darasa la saba, mrefu, masikio yamechomoza kama vipini vya chungu, akabana pua kwa vidole viwili.

"Jamani, fungueni madirisha. Kaa ameingia darasani."

Watoto wakashika pumzi. Kelera akamkazia macho.

"Wewe kijana. Kwenu wapi?"

"Nabukavudi, Madamu."

Nabukavudi! Watani wao. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba babu wa Nukuvesi na babu wa Nabukavudi walinyonya ziwa moja, mmoja akafuata mlima, mwingine akafuata maji, na tangu siku hiyo hakuna tusi ambalo watu wa huku wanaweza kuwatupia wa kule likahesabiwa kuwa tusi. Kuwasikia alikuwa amewasikia. Kuwaona, hajawahi kumwona hata mmoja.

"Nabukavudi," akasema, naye akabana pua. "Nilijua. Tangu nishuke kwenye mtumbwi nanusa tope la samaki mkunga, nikadhani ni mto. Kumbe ni wewe."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mvulana akainamisha kichwa kama mpiganaji anayekubali pigo zuri, akaketi. Jina lake Isimeli. Na Kelera, ambaye siku zote za safari alikuwa amemeza machozi, akajikuta anacheka mpaka chaki inamponyoka. Alikuwa amepata ndugu.

Kuanzia hapo utani ukawa chumvi ya darasa lile. Isimeli alimletea mkunga mbichi uliofungwa kwa jani la mgomba, akauweka juu ya meza ya mwalimu na kusema ni shemeji yake amekuja kumposa. Kelera alimnyang'anya kofia mpya akaivaa mchana kutwa, na hakuna aliyeshangaa, maana mali ya mtani haina kufuli. Wanafunzi wengine walingoja mapigo hayo kama wanaongoja kengele ya chakula. Wazazi walikuja kwenye zamu za jikoni wakiulizana, "Leo nani kashinda, mlima au maji?"

Na hapo ndipo Kelera alipokosea, ingawa ilichukua muda mrefu kosa lile kuonekana kuwa kosa.

Masomo ya kusoma yalikwenda kwa zamu, kila mtoto aya moja, safu kwa safu. Siku nyingine zamu ya Isimeli ikifika, alisimama na kusoma aya yake moja kwa moja bila kujikwaa, sauti nzito, macho kitabuni. Siku nyingine alifunga kitabu.

"Madamu, kwetu mgeni hutangulia. Soma wewe kwanza."

Au: "Macho yangu yamezoea vilele, Madamu. Maneno haya yako chini chini, kama watu wa pwani."

"Keti, mkia wa mkunga we," Kelera alijibu. "Vilive, endelea."

Vilive, mtoto wa mamdogo wake Isimeli, aliyeketi naye dawati moja, aliendelea. Somo likasonga, kila mtu amefurahi.

Daftari za Isimeli zilikuwa na mwandiko mzuri kuliko zote. Alinakili ubao kama mchoraji anayenakili uso wa mtu. Siku moja Kelera alianza kuandika neno, akakatizwa, akalifuta nusu akalisahau; alipokusanya madaftari aliikuta ile nusu ya neno kwa Isimeli, imeandikwa kwa uangalifu, pamoja na alama ya dasta iliyolikata. Alicheka peke yake. Akaandika chini kwa wino mwekundu: *Unanidhihaki, mtani? Nimekuona.* Kwenye majaribio Isimeli alirudisha karatasi tupu, pembeni amechora kaa aliyevaa miwani. Kelera alimpa sifuri, akaichukua ile karatasi mpaka ofisini kuwaonyesha wenzake.

Masta Eremasi, mwalimu mkuu, hakucheka sana. Aliishika karatasi mbali kidogo na macho yake.

"Kaa anamjua. Majibu je?"

"Uvivu, Masta. Kichwa anacho, ila kimejaa utani."

"Kusoma anajua kweli?"

"Anajua. Namsikia kila wiki."

"Haya." Masta akamrudishia karatasi. "Ila utani nao una mahali unapoishia, Kelera."

"Si baina yetu," akasema kwa fahari.

Hakuwa amedanganya. Alikuwa amemsikia. Lakini kuna kusikia kwa mwalimu na kuna kusikia kwa mtani, na yeye kila mvulana yule alipofungua mdomo alisikiliza kwa sikio moja tu, lile linalongoja kuchekeshwa.

Ikapita darasa la saba, wakaingia la nane. Mtihani wa mwisho ulipokaribia, wilaya ikatuma mkaguzi. Alifika kwa mtumbwi wa asubuhi, viatu vyeusi mkononi na suruali imekunjwa magotini, mtu mpole kwa sura lakini asiyecheka ovyo. Akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza hesabu, akasikiliza sayansi. Kisha akaomba kusikia kusoma, na kwa kuwa Isimeli ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, akamnyooshea kidole.

"Wewe. Fungua kitabu, tusomee."

Isimeli akasimama. "Bwana mkaguzi, kwetu mgeni hutangulia."

Watoto wakacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Soma."

Isimeli akageuza shingo akamtazama Kelera. Mtazamo ule Kelera aliupokea kama mtu anayepokea mzigo bila kuuliza una nini ndani. Akaitikia kwa kichwa: soma tu.

Basi akasoma. Hadithi ya kasa na nguruwe, aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti inapanda pale nguruwe anapokasirika, inashuka pale kasa anapoomba. Alisoma vizuri mno. Kelera alikuwa ameanza kutabasamu alipomwona mkaguzi anainuka polepole, anatembea mpaka kwenye lile dawati, anakichungulia kitabu. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na picha ya ndege inatua uwanjani. Kasa hakuwepo. Nguruwe hakuwepo.

Mkaguzi akaweka kidole chini ya neno.

"Hili."

Isimeli akalitazama.

"Basi hili hapa, fupi."

Nje, mama wa zamu alikuwa akikwangua sufuria. Kila mkwaruzo ulisikika. Vilive aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na miguu yake mitupu.

Kelera hakuvumilia kimya kile. Baadaye alijiuliza mara nyingi alikuwa akimwokoa nani, mtoto au mwalimu wake, na hakuna siku aliyopata jibu alilolipenda. Ulimi ulikwishazoea njia yake.

"Msamehe, bwana mkaguzi," akasema kwa sauti ya uchangamfu. "Hawa watu wa Nabukavudi hata mkunga humla kuanzia mkiani. Sasa kitabu watakianzia wapi?"

Darasa likacheka, kwa mazoea. Na mkaguzi, kwa mara ya kwanza tangu afike, naye akacheka.

Isimeli hakucheka. Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya dawati kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaketi. Siku iliyobaki kila alipoulizwa alisema "Ndiyo, Madamu" na "Hapana, Madamu", kwa adabu, kichwa chini, kama mtoto wa kijiji kingine chochote.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Kelera aliijua methali hiyo. Alikuwa amewahi kuiandika ubaoni. Kicheko cha mkaguzi ndicho kilichomkaa kooni. Yule hakuwa mtani wa mtu. Alikuwa mgeni aliyekaribishwa kumcheka mtoto wa watu, na aliyemkaribisha ni ndugu yake.

Jumatatu vifurushi vikateremka, magimbi yakarundikwa jikoni, Isimeli hakuwemo. Kelera alimvuta Vilive kando ya tangi la maji.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amesema haji, Madamu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anapanda yaqona na baba yake."

"Mtihani je? Asipofanya mtihani, sekondari hataiona."

Vilive akabetua midomo.

"Vilive, niambie kweli. Isimeli anajua kusoma?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao wa wazi, kama aliyeulizwa na nahodha bahari iko upande gani.

"Madamu, si mwalimu ni wewe? Mimi nilikuwa namnong'oneza tu."

Wiki ikapita hivyo, ikaja nyingine, na dawati la nyuma likabaki na mtu mmoja. Jumamosi Kelera alimwendea Masta Eremasi nyumbani kwake, akamkuta anakunywa chai ya majani ya mlimau kibarazani, akamwomba awe mdomo wake. Alitaka kwenda Nabukavudi kuomba radhi, kwa mila, kwa mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, iliyofungwa vizuri, na mambo hayo hayasemwi na mwanamke kijana.

"Wewe?" Masta akaweka kikombe chini. "Mtu wa Nukuvesi akaombe radhi Nabukavudi? Watatucheka, mama."

"Na wacheke. Mimi namtaka mtoto arudi."

Masta akaenda kuvaa shati safi.

Walipanda njia ya mto mpaka kijijini. Baba yake Isimeli, Kaminieli, mtu mwenye kifua kama ngoma, aliwakaribisha ndani. Waliketi chini karibu na mlango, mahali pa wenye hatia. Masta akaweka fungu la mizizi mbele yake, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, akaanza kusema kwa maneno ya zamani: kwamba binti wa Nukuvesi ameteleza ulimi, kwamba amemwaibisha mtoto wa nyumba hii mbele ya mgeni, kwamba anainamisha kichwa na kuomba lililotokea lifukiwe. Kelera alikuwa ameinama hasa. Machozi yalimdondoka juu ya mkeka na hakuyafuta.

Kisha akasikia kitu kama gunia linalotikiswa. Alipoinua macho aliyaona mabega ya Kaminieli yanatetemeka. Yule baba alikuwa anacheka.

"Masta, Masta! Ondoa hiyo radhi yako mbele yangu kabla mababu hawajaisikia!" Akapiga paja. "Enyi wanawake, njooni muone maajabu! Kaa amekuja kuomba msamaha!"

"Kaminieli, binti anasema kweli," Masta akajaribu. "Analia."

"Na alie! Maji ya chumvi ndiyo kwao." Kisha akainama mbele, na sauti yake ikawa laini kidogo. "Sikiliza, mtani. Siku tutakayopokea radhi kutoka Nukuvesi, tutakuwa tumesema kwamba nyie ni watu baki. Mnaweza kututusi. Lakini hamuwezi kutukosea. Hilo hatukuwapa."

"Baba, nimemkosea mtoto," Kelera akasema.

"Haiwezekani," akajibu Kaminieli kwa furaha. "Mila haina mlango huo."

Wanawake walikwishaingia. Bibi yake Isimeli, kikongwe mwepesi kama unyoya, alimpaka Kelera poda nyeupe usoni juu ya machozi, mashavu yote mawili na pua. Mwingine akammwagia bakuli la maji mgongoni, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Ilimbidi acheke. Usipocheka wakati watani wanakupaka poda, hapo ndipo unapokuwa umekosa adabu. Alicheka huku meno yanagongana, na ile mizizi ikapelekwa kutwangwa, imepokewa kama kinywaji cha mgeni na si kitu kingine.

Alipopata nafasi alimsogelea Kaminieli. "Basi mrudishe shule. Mwambie arudi."

"Amekataa mwenyewe, na mimi simpigi mtu mzima kama yule. Yuko shambani nyuma ya kanisa. Nenda ukabishane naye. Ukimshinda, mchukue."

Isimeli alikuwa aking'oa muhogo. Alimwona akija na uso mweupe wa poda na nguo inachuruzika, akasimamisha kazi.

"Wamekupata," akasema.

"Wamenipata." Kelera alingoja neno linalofuata, lile la kaa aliyelowa, la kaa aliyepikwa, lolote. Halikuja. Kijana akamfutia kisiki kwa kiganja, akamwonyesha aketi.

"Isimeli, rudi. Kesho kutwa, na wenzako. Jioni baada ya masomo nitakufundisha mwenyewe, tuko wawili tu. Tuanze na herufi. Hakuna atakayejua."

"Nani hajui, Madamu?"

Kelera akakamua maji kwenye pindo la nguo.

"Na mtihani uko pale," akaendelea, kwa upole uleule ambao ulimuumiza kuliko ukali. "Nianze na herufi leo, nifanye mtihani lini? Vitoto vya darasa la kwanza vinanipita. Huku angalau muhogo hauulizi kitu."

"Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?"

Isimeli akakung'uta udongo kwenye shina, akawa kama anashangaa swali.

"Nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba sijui. Walimu wa nyuma walikuwa wakinisimamisha mpaka nalia. Wewe nikifanya utani unanijibu, halafu unasema, Vilive endelea. Nikasema, huyu ni mtani kweli, amenijua na ananificha. Nikawa nakuja shule kwa furaha." Akaliweka shina chini. "Siku ile nilikutazama. Nikajua utanificha."

Kelera alihisi poda imekauka usoni, inakaza ngozi. Angeweza kusema kweli: kwamba hakujua, kwamba alikuwa akicheka tu, kwamba ile nusu ya neno aliiona ni dhihaka na yule kaa wa miwani akampeleka ofisini kama kichekesho. Lakini kusema hivyo kulikuwa kumnyang'anya mtoto kitu pekee alichokipata darasani mwake, ile imani kwamba palikuwa na mtu aliyemwona akamsitiri. Basi akachagua kumwachia.

"Nilijua," akasema.

Isimeli akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Akapanga mihogo ndani ya kapu la makuti, mirefu chini, mifupi juu. Kisha mikono yake ikasimama.

"Sasa kama ulijua," akauliza, bila hasira, kwa kutaka kuelewa, "mbona hukunifundisha?"

Mto ulisikika kule bondeni, na kutoka kijijini kishindo cha kinu cha yaqona. Kelera alifungua mdomo. Kila alichokuwa nacho cha kumjibu kijana wa Nabukavudi kilikuwa utani.

Isimeli hakumngojea sana. Akajitwika kapu, akamwomba radhi kwa kumpa mgongo, kama wanavyofundishwa watoto kufanya mbele ya mwalimu, na akatangulia kwenye njia.